Msalaba wa shaba ulichimbwa wapi?

Kwetu Kolwezi, Shaba lilikuwa jina la jimbo zima, 1971 hadi 1997. Sisi wa isimu tungefuatilia neno. Lakini neno halisemi msalaba wa shaba uliozikwa na maiti kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, ulitoka mgodi gani.

Wanakemia hupima risasi kidogo iliyomo ndani yake. Risasi ina aina nne za atomu, na uwiano wake haubadiliki shaba ikiyeyushwa. Miamba yetu ina urani, kama ile ya Shinkolobwe, ambayo huoza polepole ikawa risasi yenye uwiano wa pekee. Hivyo baadhi ya misalaba iliyopatikana Zimbabwe imetambuliwa kuwa ya ukanda huu wa Kongo na Zambia.

Fundi akiyeyusha pamoja misalaba ya migodi miwili, uwiano huwa wa katikati, na asili inapotea. Nasi tuna maneno ya namna hiyo.