Namba 7 kati ya 20

Ukutani kwenye geto langu hapa Guta, Bunda, kando ya ziwa, kuna karatasi moja, masela wakiingia lazima wasimame. Ni guta, ile pikipiki ya matairi matatu, imeshindiliwa magunia ya dagaa mpaka juu, na mwana mmoja anaisukuma kwa nyuma, mishipa ya shingo imemtoka. Nyeusi na nyeupe, basi. Chini kushoto pameandikwa kwa penseli: 7/20. Kulia, saini.

"Oya, 7/20 ndo nini, jamaa alifeli?"

Hapana, mwanangu. Hiyo siyo kopi ya stendi. Msanii kachonga kipande cha linoleamu kwa mkono, kapitisha rola ya wino, kalaza karatasi, kakandamiza. Katoa 20, kisha kibao kakikatakata. Zote ni oriji, yangu ni ya saba. Itazame kwa ubavu dirishani: wino umeinuka kidogo, na kwenye gunia la juu kuna mchirizi mwembamba, kisu kiliteleza. Mchirizi huo uko kwenye zote 20.

Nililipa misimbazi mitano kwa mafungu: miwili siku ile, mitatu baada ya giza. Watu wa ziwa mnanisoma. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, mfuko unakauka. Giza likirudi, mkwanja nao unarudi.

Huu mzuka haukuanzia kwangu. Nairobi yupo Dennis Muraguri, msanii aliyepita chuo cha sanaa cha Buruburu, anayechonga mbao na kuchapa picha za matatu, daladala za kule. Nganya zenyewe, na maandishi yake ubavuni, makanga kaning'inia mlangoni. Kampala yupo Fred Mutebi: ubao mmoja, anachonga, anapiga rangi, anachonga tena palepale, anapiga rangi nyingine juu. Akimaliza, ubao umeshaliwa. Hata umpe mamilioni, ile ya mwanzo hairudi. Na Dar, Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii, ilianza 1972, na George Lilanga, msanii aliyefanya chapa pia, alifika pale akifanya kazi ya ulinzi kabla dunia haijaanza kugombea kazi zake.

Serengeti iko hapo jirani, kwa hiyo tembo na simba wa kuchora tunao wa kumwaga. Fresh, hatuwakatai. Lakini mama anayegeuza dagaa mchangani tangu alfajiri, dogo wa bodaboda anayesubiri kichwa kwenye jua la Bunda, kuli wa mwaloni, hao nani anawawekea fremu? Mchoro mmoja wa rangi, bei yake inatutoa nje ya mlango. Chapa ukizigawa kwa watu 20, mlango unafunguka. Kwa njia hii na sisi wa kuunga unga tunamiliki sanaa ambayo ndani yake tumo.

Ukitaka kuanza, komaa na haya. Namba na saini ziwe za penseli, za mkono. Uliza zimetoka ngapi na kibao kiko wapi, na msanii wa kweli hatazingua kukujibu. Usibandike kwa selotepu. Weka fremu ya kioo, karatasi isigusane nacho, maana unyevu wa ziwa unaleta madoa. Jua liwe mbali.

Juzi alipita mshkaji anayepakia magunia mwaloni, kaka yangu wa mtaani. Hakuuliza namba wala bei. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaonyesha kwa kidole chini ya gunia la tatu.

"Huyu kamba kaifunga vizuri. Haiachii hii."

Mwaka mzima naitazama hiyo picha, kile kifundo sikuwahi kukiona.