Sumu ya Muhogo na Haki ya Mkulima: Ugonjwa wa Konzo na Huduma ya Kanisa Vijijini

1. Utangulizi

Mchungaji anayetumikia vijiji vinavyolima muhogo mchungu aweza kumkuta katika usharika wake mtoto au mama anayetembea kwa ncha za vidole, miguu imekakamaa, magoti yakisuguana, mkono umeshika fimbo. Akiuliza, huenda akaambiwa kwamba mtu huyo alilala akiwa mzima, na asubuhi alipotaka kusimama miguu ikakataa. Wapo watakaosema amelogwa, na wapo watakaosema ni adhabu ya dhambi iliyofichika. Lakini ugonjwa huo una jina, na chanzo chake kinajulikana. Unaitwa konzo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza konzo ni ugonjwa gani, unatokana na nini, na kwa nini unawapata watu fulani na kuwaacha wengine. Jambo hili lawahusu wachungaji na wanafunzi wa theolojia, si kwa sababu ya huruma tu, bali kwa kuwa konzo huonyesha jinsi afya, riziki na haki zinavyokutana katika chungu kimoja cha ugali.

2. Ugonjwa wenyewe

Jina konzo limetoka katika lugha ya Kiyaka, kusini-magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huu kwa maandishi mwaka 1938, kutoka eneo la Kwango. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ulizuka katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000 wakapata ulemavu. Huko uliitwa mantakassa. Hapa Tanzania ulichunguzwa wilayani Tarime kufuatia ukame wa mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana pia mkoani Mtwara.

Konzo huja ghafla, kwa muda wa saa chache au siku chache, nao hushika miguu yote miwili. Baada ya hapo hauzidi, lakini pia hauponi. Fimbo na mazoezi ya viungo humsaidia mgonjwa, ila hakuna dawa inayoirudisha miguu katika hali yake ya kwanza. Hauambukizi. Huwapata zaidi watoto waliopita umri wa miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Kongo ulionyesha kwamba hata watoto wasio na kilema, walioishi katika jamii zilizopatwa na konzo, walikuwa nyuma ya wenzao wa mahali pengine katika vipimo vya akili. Basi walioumia ni wengi kuliko wale tunaowaona na fimbo.

3. Sumu inatoka wapi

Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini. Mzizi unapopondwa au kulowekwa, linamarini huvunjika na kutoa sayanidi, ambayo ni sumu kali. Na sumu hiyo ikipata muda wa kutosha huondoka kwa maji na kwa hewa. Mama zetu waliyajua haya kwa vitendo kabla ya wataalamu kuyaandika. Ndiyo maana muhogo huu huvundikwa, au hulowekwa kwa siku kadhaa na kuanikwa, kabla ya kutwangwa kuwa unga. Ukitayarishwa hivyo, ni chakula chema, nao umelisha vizazi vingi.

Kwa nini basi mkulima asipande muhogo mtamu? Jibu ni kwamba ule mchungu humfaa katika shida zake. Hustahimili ukame, huzaa katika udongo uliochoka, hukaa ardhini muda mrefu kama akiba, na uchungu wake huwafukuza nguruwe, nyani na wezi. Mtu asiye na ghala wala fedha ameweka ghala lake chini ya ardhi. Mgeni atakayemwambia auache muhogo huo pasipo kumpa badala yake amemnyang'anya akiba.

Mwili wenyewe una njia ya kuituliza sayanidi kidogo inayobaki katika chakula. Lakini ili ufanye kazi hiyo unahitaji salfa, nayo hupatikana katika protini iliyo bora: samaki, nyama, mayai, maharage. Mtu alaye ugali wa muhogo kwa mboga ya namna hiyo ana kinga. Mtu alaye ugali uleule kwa majani peke yake, mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi, hana kinga hiyo. Konzo hutokea pale mambo mawili yanapokutana: sumu nyingi katika unga, na upungufu wa protini mwilini.

4. Kwa nini huyu na si yule

Hapa ndipo tunapotoka katika elimu ya chakula na kuingia katika habari ya haki. Njaa inapobana, mama hana siku tatu za kuloweka. Watoto wanalia leo. Hufupisha kazi, na muhogo wa siku moja huingia chunguni. Tena wakati wa ukame mizizi yenyewe huzidi uchungu. Hivyo sumu huongezeka katika majira yaleyale ambayo muda na mboga vimepungua.

Lakini si ukame pekee uletao haraka hiyo. Mfano wa mkoa wa Bandundu, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule na ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unastahili kufikiriwa sana. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotiwa lami, wafanyabiashara walifika vijijini kununua muhogo kwa wingi. Lilikuwa jambo jema. Wakulima walipata soko. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1992 walionyesha matokeo mengine: ili kuuza upesi, muda wa kuloweka ulifupishwa, na konzo ikawapata watu wa vijiji hivyo. Mnunuzi wa mjini alikula muhogo pamoja na vyakula vingine. Aliyeulima aliula peke yake.

Tusiseme kwamba barabara ni mbaya, wala kwamba mkulima amekosea kutafuta fedha ya chumvi, sabuni na karo. Tunalosema ni kwamba faida ya biashara ile na hasara yake hazikuwaangukia watu walewale. Muhogo uliondoka kijijini, kilema kikabaki. Wala hasara haikugawanywa sawa hata nyumbani. Mahali pengi baba hupewa kipande cha nyama au samaki kwanza, na mama na watoto hubaki na mchuzi. Hapo hupatikana sehemu ya jibu la swali kwa nini wanawake na watoto huumia zaidi.

5. Chungu cha Gilgali

Katika 2 Wafalme 4:38-41 tunasoma juu ya njaa iliyokuwa Gilgali. Mmoja wa wana wa manabii alikwenda mashambani kutafuta mboga, akachuma matunda ya mwituni asiyoyajua, akayakatia chunguni. Walaji walipoonja wakapiga kelele kwamba wanakula mauti. Elisha akaagiza unga, akautia, na chakula kikawa salama.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, nabii hakumlaumu aliyechuma. Alijua kwamba njaa ndiyo iliyompeleka mwituni. Vivyo hivyo mhubiri asimwite mzembe mama aliyefupisha kuloweka, wala asikubali aitwe mchawi au mwenye laana. Katika Yohana 9 Bwana wetu alikataa swali la nani aliyetenda dhambi.

Pili, habari haiishii hapo. Mistari inayofuata, 42 hadi 44, yaeleza juu ya mtu aliyeleta mikate ya malimbuko, na Elisha akaamuru watu mia wapewe wale. Kukisafisha chungu ni kazi ya kwanza. Kuugawa mkate ni ya pili. Diakonia inayofanya ya kwanza na kuiacha ya pili ni nusu ya diakonia. Hata Martin Luther, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, alihesabu humo serikali njema, hali ya hewa njema na majirani waaminifu pamoja na chakula na mavazi.

6. Usharika ufanye nini

Kazi ya kwanza ni rahisi kuifundisha. Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, na wenzake walionyesha njia ya kulowesha unga. Mama huweka unga mkavu wa muhogo katika beseni, akatia alama ya kimo chake kwa ndani. Huongeza maji huku akichanganya; unga hushuka, kisha hupanda tena mpaka kwenye alama. Huutandaza juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimeta moja, akauacha saa mbili juani au saa tano kivulini, na sumu hutoka hewani. Kisha hupika ugali siku hiyohiyo. Njia hii haiondoi haja ya kuloweka muhogo vizuri tangu mwanzo, bali huongeza usalama. Ilipofundishwa katika kijiji cha Kay Kalenge nchini Kongo mwaka 2010 na 2011, hakukupatikana mgonjwa mpya wakati wa kazi hiyo. Vikundi vya akina mama vya usharika vyaweza kuifundisha bila kungoja mfadhili.

Kazi ya pili ni ndefu zaidi. Kunde, mbaazi na maharage vilimwe kando ya muhogo, na mbegu ziwepo. Mafundisho ya ndoa yaguse pia sahani: nani hula nini. Mazao yanapouzwa, wazee wa usharika waulize ni kiasi gani kimebaki nyumbani. Nao mchungaji, ajuaye mapema kuliko zahanati ni nyumba zipi zimeanza kupika mara moja kwa siku, apeleke habari kwa mganga na kwa serikali ya kijiji kabla miguu haijakataa.

7. Hitimisho

Kwa maradhi mengi kanisa limejifunza kungoja kitandani pa mgonjwa, na huduma hiyo ni njema. Lakini konzo haingojewi hospitalini, kwa maana mgonjwa akifika huko miguu imekwisha kufungwa. Huduma yake ni ya shambani, kisimani, mkekani na sokoni, katika miezi ile ambayo mvua imechelewa na unga wa jana ndio chakula cha leo. Mtumishi anayesali pamoja na watu wake kuomba mkate wa kila siku ana wajibu wa kuujua mkate wenyewe, umetoka wapi, umetayarishwa kwa siku ngapi, na nani amekula bila mboga.