Deki ya diski 400: mtaji umelala kwenye filamu, si kwenye mashine

DEKI kubwa za chenja, zile zilizobuniwa ili mwenye filamu nyingi aziweke zote ndani ya sanduku moja na kuchagua kwa rimoti akiwa kwenye kochi, sasa zinapatikana kwa mitumba tu. Kampuni zilizozitengeneza ziliacha kazi hiyo. Hata hivyo wanunuzi bado wapo, hasa Marekani, na mashine zilizotoka kiwandani zaidi ya miaka 15 iliyopita bado zinagombaniwa minadani.

Swali la kujiuliza kabla ya kutoa fedha ni dogo tu: anayenunua deki hiyo ananunua kitu gani hasa?

Historia yake ni fupi. DVD ilianza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996 na Marekani Machi 1997. Diski ilikuwa nyembamba kuliko mkanda wa video, haikuhitaji kurudishwa nyuma, na bei yake ilishuka haraka. Watu waliokuwa wakikodi filamu wakaanza kuzinunua. Haikuchukua muda nyumba nyingi zikawa na diski mia mbili, mia tatu, hata elfu moja, na rafu sebuleni zikajaa.

Viwanda viliona nafasi ya biashara hapo. Sony ilitoa deki za diski 200, kisha za diski 400 kama DVP-CX777ES na DVP-CX995V. Pioneer nayo ilikuwa na DV-F727 iliyobeba diski 301. Mwaka 2009 Sony ikatoa mashine mbili za aina hiyo kwa ajili ya Blu-ray, kila moja ikibeba diski 400: BDP-CX960 iliyouzwa karibu dola 800 za Marekani, na BDP-CX7000ES iliyouzwa karibu dola 1,900. Hizo ndizo zinazotafutwa zaidi na wanunuzi wa leo, kwa kuwa zinacheza diski za aina zote mbili.

Ndani yake hakuna maajabu. Kuna gurudumu kubwa lenye nafasi zenye namba, na diski husimama wima kama sahani kwenye kichanja. Ukibonyeza namba, gurudumu linazunguka, mkono mdogo unaichukua diski na kuipeleka kwenye jicho la leza. Kazi hiyo huchukua muda na huwa na kelele kidogo. Mtu mwenye haraka ataudhika.

Hesabu yenyewe ndiyo yenye mafunzo kwa mfanyabiashara. Deki ya dola 800 yenye nafasi 400 humgharimu mwenyewe dola 2 kwa kila nafasi. Lakini chukulia kwamba kila diski ilinunuliwa kwa dola 15. Kujaza mashine hiyo kulimgharimu dola 6,000. Katika jumla ya dola 6,800, mashine ni chini ya senti 12 katika kila dola. Kwa lugha ya dukani, rafu ilikuwa rahisi. Shehena ndiyo iliyomeza mtaji.

Isitoshe, rafu hii hukwama. Mkanda wa mpira ukilegea au gia ikivunjika, diski 400 zinabaki mle ndani mpaka fundi afungue kifuniko, na fundi wa vyombo hivi si rahisi kumpata. Vipuri navyo hutolewa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Ndiyo maana baadhi ya wenye mikusanyo hununua deki mbili, moja ya kutumia na nyingine ya kuchinja. Gharama ya deki hiyo ya pili nayo iingizwe kwenye hesabu.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye risiti, nayo ni kazi ya kuandika. Deki ya diski 400 isiyo na orodha ni ghala lisilo na daftari. Nani atakumbuka kilichomo kwenye nafasi ya 237? Deki za DVD za Sony zilimwezesha mwenyewe kuingiza majina, na baadhi zilikuwa na tundu la kuchomeka kibodi ili asisumbuke na rimoti. Zile za Blu-ray za mwaka 2009 zilijengwa kutafuta majina na picha za majalada kupitia intaneti. Njia zote mbili zina udhaifu uleule: orodha ikiwa ndani ya mashine peke yake, mashine ikifa orodha nayo imekufa. Mwenye busara huweka nakala kwenye kompyuta au hata kwenye daftari la kawaida.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watu hawa wasinakili filamu zao kwenye kompyuta na kuachana na magurudumu. Jibu liko kwenye sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayojulikana kwa kifupi kama DMCA, inakataza kuvunja kufuli la elektroniki linalolinda kazi yenye hakimiliki. DVD za filamu za maduka kwa kawaida zina kufuli hilo. Mtu anaruhusiwa kuiuza diski aliyoinunua, kuikopesha au kuigawa, lakini kulifungua kufuli ili anakili ni jambo jingine.

Kampuni ya Kaleidescape ya California, iliyoanzishwa 2001, iliipima mipaka hiyo. Ilitengeneza mfumo wa bei kubwa uliochukua nakala ya DVD ya mteja na kuihifadhi kwenye kumbukumbu ya mashine, ili filamu ianze mara moja bila gurudumu wala mkono. Mwaka 2004 DVD CCA, chama kinachosimamia leseni za kufuli la DVD, kikaishitaki kampuni hiyo kwa kuvunja mkataba. Mahakama ya kwanza iliipa Kaleidescape ushindi mwaka 2007. Mahakama ya rufaa ikautengua mwaka 2009. Mwaka 2012 ikatoka amri ya kuizuia, na mwaka 2014 pande mbili zikamaliza shauri kwa kupatana. Miaka kumi ya mawakili kwa ajili ya diski ambazo wateja walikwisha kuzilipia.

Kwenye Blu-ray kampuni hiyo ilitumia njia nyingine. Iliuza sanduku la diski 320. Filamu ilichezwa kutoka kwenye nakala, lakini diski yenyewe ilitakiwa iwemo ndani ya sanduku kuthibitisha kwamba mwenyewe bado anaimiliki. Kwa maneno mengine, chenja iliyokuwa imepitwa na teknolojia ilirudi kazini kama shahidi.

Upande wa pili wa soko ni filamu za kulipia kwa mwezi kupitia intaneti. Hizo ndizo zilizoua biashara ya diski. Netflix, ambayo ilianza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa posta, ilituma diski zake za mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Mwezi uliofuata maduka ya Best Buy yalitangaza kwamba yangeacha kuuza diski za filamu mwaka 2024. Kabla ya hapo Oppo ilikwisha kujitoa kwenye deki za Blu-ray mwaka 2018, na Samsung ikafuata mwaka 2019 kwa soko la Marekani.

Lakini kulipa kwa mwezi nako kuna bei yake. Januari 2025 Netflix ilipandisha kiwango chake cha kawaida nchini Marekani kutoka dola 15.49 hadi dola 17.99. Kwa mwaka mzima hiyo ni karibu dola 216, na mwisho wa mwaka mteja hana hata filamu moja ya kuuza. Anayenunua filamu za elektroniki moja moja naye hana uhakika sana. Desemba 2023 wateja wa duka la PlayStation waliarifiwa kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvinunua vingeondolewa; baadaye uamuzi huo ulibadilishwa, lakini ujumbe ulikwisha kufika. California ikapitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa hizo aseme wazi kwamba mteja anapewa leseni tu. Diski iliyo ndani ya deki haihitaji tangazo hilo.

Hapo ndipo baadhi ya watu wanaporuka na kusema kwamba mkusanyo wa diski ni kitega uchumi. Wasiharakishe. Filamu zilizouzwa kwa mamilioni ndizo zinazotupwa sokoni kwa wingi kila familia inapohama au mzee anapofariki, na bei yake huwa ndogo mno. Zinazoshika bei ni zile chache ambazo hazikuchapishwa tena na hazionekani kwenye huduma za mwezi. Atakayeambiwa kwamba diski 400 za kawaida zinapanda thamani aombe kwanza kuonyeshwa risiti za mauzo.

Aidha, deki yenyewe huharibu thamani kwa njia ya ajabu. Diski ikiingia kwenye gurudumu, kasha lake linabaki tupu, na wengi waliyatupa makasha ili wapate nafasi sebuleni. Siku ya kuuza, mnunuzi anataka diski pamoja na kasha na jalada lake. Waliotupa makasha walikuwa wakitupa fedha.

Jambo jingine ni kuoza. Diski ni tabaka jembamba la madini lililofungwa ndani ya plastiki, na gundi au kiwanda kikikosea, tabaka hilo huharibika hata kama diski haijaguswa. Mwezi Machi 2025 Warner Bros. ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zilikuwa na tatizo, ikasema itafidia wateja kwa diski nyingine pale inapowezekana. Diski iliyo kwenye rafu huweza kutazamwa kwa macho. Iliyo kwenye nafasi ya 237 huweza kukaa miaka kumi bila mtu kujua kwamba imekufa. Mwenye deki ya chenja hana budi kuhesabu mali ghalani kila mwaka: kuicheza kila diski mwanzo, katikati na mwisho. Kwa diski 400 ni kazi ya siku kadhaa.

Anayenunua deki ya mtumba asiridhike na kuiona ikiwaka. Aitie diski kwenye nafasi za mbali, ya 1, ya 200 na ya 400, na kuamuru izibadilishe mara nyingi mfululizo. Ajaribu diski za zamani na mpya, maana jicho la leza lililochoka huweza kuisoma moja na kuikataa nyingine. Usafiri nao ni hatari. Mashine isafirishwe ikiwa haina diski hata moja, kwani diski zikichomoka njiani hupachikwa kwenye gia.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Mombasa atakayevutiwa na bei ya mnada wa Marekani, kuna vikwazo viwili vya nyongeza. Mashine za soko la Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, wakati wa kwetu ni volti 230 au 240; bila transfoma ya kushusha umeme itaungua siku ya kwanza. Pili ni namba za kanda. DVD za Marekani ni kanda ya 1, na sehemu kubwa ya Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, ni kanda ya 5. Kwa Blu-ray Marekani iko kanda A, Afrika kanda B. Deki itakayofika kutoka Chicago itazikataa diski za Afrika zilizofungwa kwa kanda, hivyo muuzaji atahitaji mteja ambaye tayari ana diski za Marekani za kutosha kulijaza gurudumu.