Dhima ya Mtoto Aliyekosa

Wengi wetu, tusikiapo kwamba mtoto aliyeiba hakupelekwa gerezani, huona kuwa amesamehewa na haki ya aliyeibiwa imepotea bure. Na dhana hii, ijapokuwa yatokana na uchungu halali wa madhulumu, ina kosa ndani yake, nalo ni kudhani kwamba dhima na kifungo ni kitu kimoja.

Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuanza kubeba lawama ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, ila mahakama iridhike kwa ushahidi kwamba aweza. Kwa mtoto aliyefikia umri wa kubeba lawama, sheria imefungua njia ya kumwepusha na kesi, akapewa masharti ya kutimiza: kuomba radhi kwa mdomo au kwa maandishi, kurudisha alichotwaa, kulipa fidia, ama kuitumikia jamii bila ujira. Hata hivyo, njia hiyo ina kizingiti chake, kwani hapiti ila aliyekiri kosa lake kwa hiari, pasi na kutishwa wala kurubuniwa.

Natuseme kijana wa miaka 15, mkazi wa Likoni, amevunja kibanda cha jirani akaiba simu za kuuza. Akiwekwa rumande, hana aulizwalo ila kungoja siku zipite, na wale awakutao humo ndio watakaokuwa walimu wake, kwa maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini akikalishwa mbele ya mwenye kibanda, wazazi wake wakishuhudia na afisa wa watoto akisimamia, akaambiwa kwamba simu zile zilikuwa karo ya mtoto mwenziwe, hana budi kuinua uso na kujibu; na mizani ya insafu yaniambia kuwa huu ndio mzigo ulio mzito zaidi.

Wala si kwamba sheria imelegea. Avunjaye masharti hurudishwa mahakamani, na ambaye kosa lake ni kubwa aweza kupelekwa katika taasisi za borstal, yaani za kuwarekebisha vijana, mathalani ile ya Shimo la Tewa, kwa muda usiozidi miaka 3, apate masomo na ufundi wa mikono.

Yapo maneno ambayo sheria imeyakataza yasitumiwe kwa mtoto, ikiwa ni pamoja na lile la kutiwa hatiani. Katazo hilo latuhusu sisi majirani kuliko mahakimu, kwa kuwa kijana aliyekiri, akalipa na kurejea shuleni, kisha akaendelea kuitwa mwizi kila apitapo barazani, huwa ametimiza dhima yake yote, na iliyosalia ni yetu.