Nakala za Akiba za Kompyuta za Ofisi

Siku hizi ofisi ya shule haikosi kompyuta. Tuchukue ofisi yenye kompyuta tano: moja ya Mwalimu Mkuu, moja ya karani, moja ya mhasibu, na mbili za ofisi ya taaluma. Zote zimeunganishwa kwa nyaya katika kisanduku kidogo kiitwacho swichi. Humo mna alama za wanafunzi tangu Kidato cha Kwanza, hesabu za stoo, na barua zote za wazazi. Kompyuta ikifa, nyingine yaweza kununuliwa. Alama za miaka minne haziuzwi dukani. Kwa hiyo hapana budi kuweka nakala za akiba. Nataka kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, kwa kuwa wengi hudhani wameifanya, kumbe bado.

Aghalabu watu hutumia flashi. Kwa kompyuta moja si vibaya, lakini kwa tano mmoja atasahau, wa pili yuko likizo, na flashi hiyo hiyo yaweza kuchukua virusi huku na kuvipeleka kule. Yafaa zaidi kuchagua kompyuta moja, hata kuukuu, kuitia diski kubwa, na kuipa kazi moja tu ya kukusanya nakala. Usiku, ofisi ikiwa tupu, yapitia wenzake mmoja mmoja na kuchukua mafaili yao. (Bwana mlinzi lazima aambiwe asizime umeme wa ofisi!)

Je, usiku mmoja watosha? Tupige hesabu. Waya upitishao megabiti 100 kwa sekunde hauwezi kuzidi megabaiti 12.5, maana baiti moja ni biti 8. Kompyuta yenye gigabaiti 50 itachukua sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa nzima. Zote tano zitachukua saa tano na nusu na zaidi. Basi mara ya kwanza ifanywe Ijumaa usiku. Baada ya hapo programu huchukua yale tu yaliyobadilika, na kazi huisha kwa dakika chache. Lakini nakala za zamani zisifutwe upesi. Karani akifuta faili Jumatatu na kugundua Alhamisi, nakala ya jana nayo haina faili hilo. Atahitaji ya Jumapili.

Sasa nafika penye jambo kubwa. Tarehe 27 Juni, 2017, programu ya uharibifu iitwayo NotPetya ilitokea Ukraine ikaenea duniani, nayo ikaiangukia kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark. Kampuni hiyo ilikuwa na seva karibu 150 zilizoshika majina na ruhusa za watumiaji wote. Kila moja ilikuwa nakala ya wenzake, kwa hiyo walidhani wako salama. Lakini kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zilifutwa pamoja. Ilipona moja tu, katika ofisi ya Ghana, na sababu yake ni kwamba umeme ulikuwa umekatika huko! Intaneti ya ofisi ile ilikuwa finyu mno kupeleka mafaili hayo, ikabidi diski ichukuliwe kwa mkono hadi Nigeria, na kutoka huko ikapanda ndege mpaka Uingereza. Hata hivyo kampuni ilipata hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Sisi tulaumuo umeme kila unapokatika, tuwe na haya kidogo.

Twaona basi kwamba nakala iliyofungwa kwenye waya ule ule si akiba kamili. Virusi vikiingia kwa mhasibu, vyaweza kufuata waya hadi kwenye kompyuta ya akiba. Kwa hiyo kompyuta ya akiba ndiyo iwafuate wengine. Wao wasipewe neno la siri la kuandika ndani yake. Tena zinunuliwe diski mbili za nje. Wiki hii moja inakili, na ya pili imelala nje ya ofisi, haina waya wala umeme. Wiki ijayo zabadilishana. Hapo hata moto au mwizi hataondoka na vyote.

Diski itokayo nje ifungwe kwa neno la siri, kwa maana alama za watu si za kusomwa njiani. Neno hilo wajue watu wawili, na liandikwe katika bahasha iwekwe ndani ya kasha la chuma la shule, maana likipotea, hata mwenye diski hawezi kuifungua.

Limebaki jaribio, ambalo watu hulipuuza. Kila mwisho wa mwezi yafaa kutwaa faili moja kutoka katika nakala, tuseme alama za Hisabati za Kidato cha Pili, na kulirudisha katika kompyuta nyingine. Haitoshi kuliona jina lake. Lifunguliwe, nazo alama zilinganishwe na karatasi iliyobandikwa ukutani.