Mtoto na Macho Yake: Namna ya Kumzoeza Kuona

Askari awekwaye lindoni hufundishwa mapema kwamba kutazama si sawa na kuona. Macho yaweza kuelekea vichakani usiku kucha, yasitambue kwamba kichaka kimoja kimeongezeka tangu magharibi. Wengi hudhani ustadi huo huanzia katika chuo cha mafunzo. Kumbe mbegu yake hupandwa nyumbani, mtoto angali na umri wa miaka mitatu au minne, na mara nyingi huharibiwa huko huko na wazazi wasiokusudia ubaya.

Huharibiwa kwa jibu la haraka. Mtoto amechuchumaa mbele ya safu ya sisimizi, mama aliyeshika ndoo humwambia, “Hao ni sisimizi, hebu ondoka hapo.” Jina limetolewa, na uchunguzi umekwisha. Afadhali angeulizwa: wanabeba nini? Wanaokwenda wakikutana na wanaorudi, hufanyaje? Akipangusa kwa kidole njia yao, atawaona wakitangatanga, maana wengi wao hufuata harufu iliyoachwa ardhini na wenzao. Lakini mzazi asitangulie kumweleza habari ya harufu. Amwache kwanza ashangae.

Kambini mna chombo kingine cha mafunzo kisichogharimu hata senti moja, nacho ni mlingoti wa bendera. Ikiwa watoto hawaruhusiwi kuukaribia, fimbo iliyosimikwa nyuma ya makwota yatosha. Mtoto aweke jiwe penye ncha ya kivuli asubuhi, jingine adhuhuri, jingine jioni. Ataona mwenyewe kwamba kivuli huanza upande wa magharibi, hufupika, kisha hurefuka tena kuelekea mashariki. Na kwa kuwa mstari wa ikweta unapita Uganda, liko jambo jingine ambalo mtoto wa Ulaya hawezi kuliona kwao. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kivuli huangukia kusini. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Mtoto wa Jinja au Mbarara aliyeweka jiwe la adhuhuri mwezi wa Juni, atalikuta Desemba liko upande wa pili wa fimbo, mbali na kivuli. Miezi sita ni mingi mno kwa mtoto mdogo, basi ni juu ya baba au mama kulitunza jiwe lile na kumkumbusha.

Uko pia mchezo wa sinia, ambao una asili ya kupendeza. Rudyard Kipling aliusimulia katika riwaya yake Kim, iliyotoka mwaka 1901, ambamo mvulana huonyeshwa vito, kisha vito hufunikwa naye hutakiwa kuvitaja. Baden-Powell, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekwisha kuandika mwaka 1899 kitabu cha kuwafunza askari upelelezi, aliuingiza mchezo huo katika uskauti mwaka 1908. Maskauti huwekewa vitu ishirini na zaidi. Kwa mtoto wa miaka minne vitano vyatosha: kijiko, kifungo, ufunguo, punje ya hindi na kizibo cha soda. Avitazame kwa dakika moja, sinia lifunikwe kwa kitambaa, naye ataje alivyoviona. Akizoea, kitu kimoja kiondolewe kwa siri, aseme ni kipi. Kisha zamu ibadilike, mtoto aondoe na mzazi akisie. Hakuna kinachowachekesha watoto kama baba mwenye nyota begani anaposhindwa. Asiyekumbuka asikaripiwe, kwani hili si gwaride.

Ganda la risasi lisiwekwe kamwe katika sinia, hata kama lang’aa na kupendeza. Mtoto asiyejua kutofautisha ganda tupu na risasi nzima hapaswi kuzoezwa kuviokota. Afundishwe kinyume chake: akiona chuma asichokifahamu, asikiguse, akumbuke mahali kilipo, aondoke, akamwite mtu mzima. Mtoto awezaye kusema “kiko chini ya mwembe, upande wa kisima” huenda akaokoa maisha ya wenzake.

Mzazi naye hana budi kumchunguza mchunguzi wake. Mtoto anayeshindwa kila mara huenda si mzembe, bali haoni vema. Afunikwe jicho moja kwa mkono, halafu la pili. Akilalamika na kuusukuma mkono kila lifunikwapo jicho lile lile, basi yamkini jingine ni dhaifu, na apelekwe kwa mganga wa macho bila kungoja aanze shule. Matibabu ya udhaifu huo hufaulu zaidi katika miaka ya kwanza ya utoto. Mtoto ajikwaaye kila machweo, hali mchana huona vizuri, yaelekea amepungukiwa na vitamini A, na upungufu huo ukiachwa waweza kuleta upofu. Apelekwe zahanati mara moja. Nyumbani apewe maini, mayai, maembe, mapapai, mchicha na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Matone ya vitamini hiyo hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na tarehe huandikwa katika kadi ya mtoto.