Miguu ya Baridi Katika Nchi ya Joto

Alfajiri za Juni na Julai mjini Mpanda huwa na ubaridi, na miguu kupoa wakati huo si ajabu. Lakini ikibaki baridi hata katika jua la Oktoba, sababu yatafutwa mwilini.

Damu ndiyo ichukuayo joto hadi vidoleni. Ateri zikisinyaa au kuzibwa na mafuta, unyayo huwa baridi ukiguswa, na shavu la mguu huuma mtu atembeapo, likatulia apumzikapo. Tumbaku, mojawapo ya mazao makuu ya biashara ya Katavi, ikivutwa huharibu kuta za ateri hizo.

Iko baridi nyingine: mgonjwa adai miguu inaganda, ilhali mkono wa mwenzake waikuta na joto lake. Hapo neva ndizo zilizodhurika, mara nyingi kwa kisukari. Akiota moto, aweza kuungua asihisi. Upungufu wa damu, ambao malaria huweza kuuleta, nao huchangia.

Mguu mmoja ukipoa ghafla, ukauma na kupauka, usikandwe kwa maji moto. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwani misuli iliyokosa damu huanza kufa baada ya saa 6 hivi.